Harufu Chini ya Kapeti

Ukitaka kumjua Felisian, usimtazame usoni, mtazame magotini. Suruali zake zote zilikuwa na viraka viwili vikubwa, kimoja kila goti, maana kazi yake ilimpigisha magoti kuliko hata masista wa misheni. Mjini Sumbawanga walimwita Fundi Kapeti, na jina hilo alilipenda mno. Ukimwita kwa jina la ubatizo aligeuka taratibu, tena kwa mashaka. Ukimwita Fundi Kapeti, aligeuka kabla hujamaliza kutamka.

Hakuwa mtu wa Ufipa ya juu. Alizaliwa Ilemba, kule bondeni kwenye joto, na alipopanda mlima akiwa kijana kuja kutafuta kazi, kitu cha kwanza kilichompokea ni baridi ya sakafu. Watu wa juu huwacheka sana watu wa bonde kwa hili. Wao mwezi wa saba hutoka nje alfajiri na shati moja, mdomo unafuka moshi, halafu wanakwambia leo pana kaubaridi kidogo. Felisian hakuzoea hata siku moja. Alipata kibarua kwenye ghala la ushirika, cha kushona midomo ya magunia ya mahindi, na miaka yote aliyofanya kazi pale alisimama juu ya gunia tupu la katani lililokunjwa, wenzake wakisimama kwenye saruji tupu na kumtania kwamba anatembea na godoro lake.

Kisha likaja soko huria. Redioni walilieleza kwa maneno marefu marefu, lakini Felisian alilielewa asubuhi moja alipokuta mlango wa ghala umefungwa kufuli, na nje yake mnunuzi binafsi ameegesha lori, anapima mahindi ya watu kwa viroba vya plastiki. Felisian na wenzake wakapunguzwa kazi. Alirudi nyumbani na sindano yake ya kushonea magunia, akaichomeka ukutani, akakaa akiitazama.

Ajabu ni kwamba malori yale yale yaliyomfukuzisha kazi ndiyo yaliyomlisha. Yakipeleka mahindi mpakani Tunduma hayakurudi matupu. Yalirudi na redio, na mitumba, na sabuni za kunukia, na makapeti ya plastiki yaliyovingirishwa kama mikeka, yana maua, yana vigae vya kuchora, yanang'aa kiasi kwamba mtu unaona haya kuyakanyaga. Kila mwenye sakafu ya saruji akataka kapeti. Hata wenye sakafu ya udongo walitaka, na wengine walitandika hivyo hivyo juu ya vumbi, wakaishia kukaa juu ya mabonde na vilima sebuleni kwao. Wengi walitupa kapeti moja kwa moja kwenye saruji. Masika ikija, kapeti linavimba mapovu, linapasuka kwenye miguu ya meza, na chini yake panaota ukungu mweusi. Ndipo wakaanza kumtafuta yule mtu wa bonde.

Felisian alikuwa na msimamo wake, na aliuhubiri kila nyumba aliyoingia. Kapeti ni shati, alisema, na mtu mwenye heshima zake hawezi kuvaa shati bila fulana. Kwanza sakafu iwe kavu. Jioni alibandika kipande cha nailoni sakafuni, akakandamiza kingo zake kwa mawe, asubuhi anakiinua. Kikiwa kimetoa jasho kwa ndani, basi kazi hakuna, subiri. Sakafu ikikubali, alitandaza nailoni nzito chumba kizima ili unyevu wa ardhi usipande. Juu ya nailoni alipanga magunia ya katani yaliyofuliwa na kukauka vizuri, akayaunganisha kwa sindano yake ya ghalani pasiwe na mkunjo wala pengo. Ndipo kapeti lilale. Sponji za madukani hakuzitaka, alisema zinanyonya maji halafu haziyaachii. Viroba navyo aliviita takataka, vinateleza na havina joto. Gunia la katani pekee ndilo lililojua baridi ya Ufipa, na alipomaliza kazi alimwambia mwenye nyumba avue viatu, akanyage, kisha yeye anasimama pembeni kusubiri sifa. Sifa alizipenda mno, hilo tuseme ukweli, na ndizo zilizomponza.

Mwishoni mwa kiangazi mwaka mmoja akaja dereva mmoja aitwaye Modesti, mtu mrefu, mpole, mwenye lori la tajiri na nyumba yake mwenyewe upande wa Pito. Mji mzima ulijua habari zake. Modesti alikuwa amekunywa pombe kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, mpaka mkewe Hellena akafunga vyombo vyake akarudi kwao Msanzi. Alipoondoka, Modesti alijitazama na hakupenda alichokiona. Akaacha. Si kupunguza, kuacha kabisa, na akakaa mwaka mzima akipita vilabuni kwa upande wa pili wa barabara. Ndipo akaenda Msanzi kumwomba mkewe.

Baba mkwe wake, mzee Ignasi, hakumwambia asinywe tena. Mzee alikuwa mjanja kuliko hapo. Modesti mwenyewe ndiye aliyemsimulia Felisian maneno yale, wakiwa wanapima sebule, yeye ameshika upande mmoja wa kamba.

"Mzee aliniambia hivi: mlevi anaweza kula kiapo asubuhi, jioni akalewa, nami sitakuwepo kuona. Lakini harufu haijui kusema uongo. Siku mwanangu akisikia harufu ya pombe ndani ya nyumba yako, hatakuuliza, na mimi sitakuuliza. Atarudi kwetu, na usimfuate tena. Nikakubali, fundi. Mbele ya wazee, mbele ya katekista."

"Harufu tu?" Felisian aliuliza.

"Harufu tu. Sasa nakwenda kumchukua Jumapili. Nataka akiingia humu, miguu yake ipate joto. Alikuwa akilalamikia sana hii sakafu, na mimi nilikuwa nimelewa, sikumsikia."

Felisian alimhakikishia. Alisema mpaka Jumamosi jioni kila kitu kitakuwa tayari. Neno hilo lilimtoka kirahisi kabisa, kama linavyowatoka mafundi wote duniani.

Jumamosi asubuhi mambo yalimwendea kombo. Nailoni ilikuwa imekwisha dukani, mwenye duka akamwambia asubiri mzigo wa Mbeya katikati ya wiki. Magunia yake aliyokuwa ameyafua na kuyaanika uani yalipigwa na manyunyu ya kwanza ya mwaka yaliyokuja usiku bila kuitwa, alipoyakamua yalichuruzika. Na kile kipande cha nailoni cha kupimia sakafu hakuwa amekibandika, maana siku iliyotangulia alikuwa nyumba nyingine akisubiri sifa.

Lilitakiwa neno moja tu: subiri. Modesti angesubiri, alikuwa amesubiri mwaka mzima. Lakini Felisian aliona kama tayari anawasikia watu wakisema Fundi Kapeti ameshindwa. Akapiga sakafu ya Modesti kwa ngumi, ikalia kavu, kama inavyolia sakafu yoyote mwishoni mwa kiangazi. Akajiambia nailoni si lazima sana. Alijua fika kwamba nyumba ile iko chini ya mteremko, na upande ule mtu akichimba choo wakati wa masika anachimba kisima. Alijua, akanyamaza ndani ya kichwa chake mwenyewe.

Akaenda nyumbani, kwenye stoo ya mkewe Coleta. Coleta alikuwa akipika pombe ya ulezi kwa ajili ya kuuza, mpishi mwenye jina, na stoo yake ilikuwa na magunia mazuri ya katani, makavu, mazito, yasiyo na tundu. Humo ndimo alimoloweka ulezi na kuuvumbika mpaka uote, ndipo auanike na kuusaga uwe kimea. Felisian aliyabeba yote. Aliyakung'uta ukutani, vumbi la kahawia likaruka, akayakung'uta tena. Lakini punje za ulezi ni ndogo, na katani ina nyuzi nyingi. Hata ukung'ute mpaka bega likuume, zinabaki zimejikunyata mle ndani. Alizihisi kwa vidole alipokuwa akishona. Akashona tu.

Jioni kapeti likalala, jekundu, lina maua meupe, halina hata povu moja.

Kesho yake Coleta alitoka stoo ameshika kiuno.

"Baba Angela, magunia yangu ya kimea yako wapi?"

"Nimeyapeleka kazini. Nitakununulia mengine."

"Kazini wapi?"

"Kwa Modesti. Chini ya kapeti."

Coleta alicheka mpaka akashika mlango. "Wewe mwanaume! Utawalewesha watu kwa miguu."

Felisian alicheka naye, lakini kicheko chake kilikwama katikati. Coleta hakujua habari ya mzee Ignasi na harufu. Yeye alijua.

Hellena alirudi Jumapili ile. Modesti alimwalika Felisian aje aone, na Felisian akaenda kwa sababu hakuwahi kukataa kusifiwa. Hellena alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho ya kupima. Alivua viatu mlangoni, akaweka mguu mmoja kwenye kapeti, kisha wa pili, akasimama pale katikati ya sebule. "Pana joto," alisema. Modesti aliinamisha uso kuficha machozi. Felisian alitoka pale amevimba kichwa, na kwa wiki kadhaa alifanikiwa kusahau.

Kisha masika ikashika. Mvua za Ufipa zikianza zimeanza, udongo unashiba, visima vinafurika, na kule Pito maji yakaanza kupanda polepole kupitia saruji kama yalivyofanya kila mwaka, isipokuwa safari hii yalikuta magunia. Juu yake plastiki isiyopitisha pumzi. Juu ya plastiki jiko la mkaa ambalo Hellena aliliwasha kila jioni kupasha chumba. Hata mpishi wa pombe mwenye ujuzi wa Coleta asingeweza kupanga vizuri zaidi.

Mwanzo ilikuwa harufu ndogo tu ya uji uliochacha. Hellena alisugua vyungu, akatupa mabaki, akafungua madirisha. Harufu ikazidi. Siku moja jirani aliyekuja kuomba chumvi alinusa hewa, akatabasamu, akasema kumbe humu ndani mambo yamerudi. Hellena alimpa chumvi yake. Usiku huo alinusa mashati ya mumewe, moja moja, na koti la kazini, na mwisho mdomo wake akiwa amelala.

Asubuhi Modesti alikuja mbio kwa Felisian. Alikuwa amekonda ghafla.

"Fundi, nakuomba njoo unuse nyumba yangu. Mimi simuelewi tena mtu, wala pua yangu siielewi. Mke wangu anasikia pombe. Na mimi naisikia. Sijanywa, naapa kwa Mungu sijanywa, lakini naisikia."

Felisian alikwenda. Alipovuka kizingiti tu, akajua. Ilikuwa harufu ya stoo yake mwenyewe, harufu ya nguo za mkewe, harufu aliyolala nayo miaka yote ya ndoa yake. Alipiga magoti, akainama, akaweka pua karibu na kona ya kapeti. Hellena alisimama mlangoni amekunja mikono. Modesti alisimama juu yake akisubiri, na kusubiri kwake kulikuwa kama kwa mgonjwa mbele ya daktari.

Ilikuwa ni kuinua tu ile kona. Kisu kilikuwa mfukoni. Angeinua, wangecheka, wangelia, wangemtukana, na habari ingeishia hapo. Lakini aliona mji mzima ukisimulia: Fundi Kapeti, yule mhubiri wa sakafu kavu, ametandika magunia ya pombe ya mkewe. Aliona jina lake lote likimtoka mwilini. Akainuka, akajipangusa magoti.

"Ni kapeti," alisema. "Plastiki mpya ikipata joto la jiko inatoa harufu. Itaisha."

Modesti alishusha pumzi, akamgeukia mkewe kwa furaha ya kuhurumiwa. "Umesikia? Fundi amesema ni kapeti."

Hellena alimtazama mumewe kwa muda, wala hakukasirika. Kulikuwa na uchovu tu usoni pake. "Kapeti linanuka kimea, Modesti?" alisema. "Umemtafuta na wa kukusaidia kusema uongo."

Hakuuliza zaidi, kama walivyokubaliana. Kabla ya Noeli alikuwa amesharudi Msanzi.

Felisian alipopata habari alikuwa anakula. Aliweka tonge chini. Coleta, ambaye sasa mtaani alikuwa amesikia yote, na habari ya mzee Ignasi na ya katekista, alikaa mbele yake na hakucheka.

"Baba Angela, ile harufu ni magunia yangu."

"Huenda."

"Usiniambie huenda. Mimi ndiye mpishi. Nenda ukamwambie."

"Nitakwenda."

"Lini?"

Siku hiyo hakwenda. Wala kesho yake. Alijipa sababu moja baada ya nyingine: sikukuu zipite kwanza, amngoje Modesti arudi safari, mvua ipungue. Jamani, hakuna mtu mwenye ratiba iliyojaa kama mtu anayekimbia kukiri. Mara moja alijikaza akaenda, akamkuta Modesti amekaa kwenye ngazi ya mlango wake. Badala ya kusema alichokuja kusema, Felisian alisema amekuja kuling'oa kapeti alitandike upya, bure kabisa. Alitaka ayatoe magunia yale kimya kimya, harufu iishe, na pasiwe na mtu wa kujua.

"Kapeti la nini sasa, fundi?" Modesti alisema. "Miguu ilikuwa ya nani?"

Felisian akarudi. Akawa halali vizuri. Kazini akikata kapeti linapinda. Akiingia nyumba za watu alinusa kwanza, na kila nyumba aliona kama inanuka. Kanisani hakuthubutu kupanda kukomunika, akajifanya anakohoa. Roho yake ilimsuta mchana kutwa, na alijichukia, lakini kumbe mtu anaweza kujichukia kwa muda mrefu sana bila kufanya lolote. Alipopita barabarani akasikia watu wakisema Modesti hana dawa, mlevi ni mlevi tu, alikaza mwendo. Hapo ndipo alipostahili kulaumiwa zaidi, na alijua: magunia aliyatandika kwa haraka, lakini kunyamaza alinyamaza kila siku upya, akiwa na akili zake timamu.

Jumatano ya Majivu Coleta alirudi kanisani na alama ya jivu usoni, akamkuta mumewe amelala kitandani mchana.

"Nimemuona dereva wako," alisema. "Alikuwa amesimama nje ya klabu. Hajaingia. Amesimama tu."

Felisian aliinuka. Alivaa viatu, akaenda stendi ya malori, akapata lori la kwenda Kalambo linalopitia Msanzi, akapanda juu ya mizigo na mvua ikamnyeshea mpaka akashuka.

Alimkuta Hellena shambani na baba yake na mama zake wadogo, wanapalilia ulezi. Alimwamkia mzee Ignasi shikamoo akiwa amesimama kwenye matope, akaomba ruhusa ya kusema na binti yake mbele yake. Kisha akasema yote. Stoo, magunia, nailoni iliyokosekana, kimea alichomtandikia mtu sakafuni. Mzee alisikiliza akichora ardhi na mpini wa jembe. Felisian alipofika kwenye siku aliyoitwa kunusa, alilazimika kuanza upya.

"Kwa hiyo ulinusa," Hellena alisema.

"Nilinusa."

"Ukajua."

"Nilijua, dada. Papo hapo."

Mzee Ignasi aliuweka mpini chini. Alikuwa ndiye aliyesema harufu haijui kusema uongo, na sasa alimtazama mwanawe kama mtu aliyevunja chombo cha mwingine. "Nenda na mumeo, mwanangu," alisema. "Neno langu lilikuwa na kasoro." Hellena alikuwa tayari ananawa matope miguuni. Njia nzima juu ya lori hakuzungumza na Felisian, lakini mara kwa mara alisema peke yake, kwa sauti ya chini, "Hakunywa. Masikini, hakunywa," na kila alivyosema Felisian alizidi kujikunja.

Walifika Pito mchana wa siku iliyofuata. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Ndani kulikuwa na giza na ile harufu, nzito sasa, unaweza kuikata. Felisian alipiga magoti bila kuambiwa, akachomeka kisu kwenye kona, akalivingirisha kapeti mpaka katikati ya chumba. Magunia yalikuwa meusi, yanateleza, na juu yake kote, kwenye giza lile la plastiki, vilikuwa vimechomoza vichipukizi vyembamba, vyeupe, vingi sana. Ulezi ulikuwa umeota, ukafa, ukachacha. Hellena alichutama, akang'oa gunia moja lililooza mshono, akalinusa. Akaanza kulia.

Walikuwa hivyo waliposikia kitanda kikilia chumba cha ndani. Modesti alitoka akiwa ameshika ukuta. Hakuhitaji kusema neno. Macho yake, miguu yake, shati lake vilisema.

"Umekuja kunusa?" alimwambia mkewe. "Nusa. Safari hii ni mimi kweli."

Hellena alisimama na lile gunia mkononi, akawa anamtazama mmoja kisha mwingine.

"Modesti," Felisian alisema, bado amepiga magoti, "yalikuwa magunia yangu. Magunia ya kimea. Hukuwa wewe. Siku uliyoniita nilijua, nikakudanganya."

Ilichukua muda maneno yale kumfikia. Modesti aliteremka taratibu ukutani mpaka akakaa sakafuni, kwenye saruji iliyolowa. Alitazama vile vichipukizi. Hakutukana, na Felisian aliomba moyoni atukane.

"Nilidhani inanitoka jashoni," alisema. "Pombe ya miaka yote ile. Nilikuwa naoga mara nyingi kwa siku, fundi. Nilifika mahali nikasema labda nainuka usingizini nakwenda kunywa halafu nasahau. Nikamwomba jirani anifungie kwa nje. Asubuhi nikiamka, harufu hiyo hapo. Ndipo jana nikasema, kama mwili wenyewe umekataa kuacha, nitaushindaje? Jana tu. Nimesimama pale nje siku nyingi, nikaingia jana."

Jana Felisian alikuwa kwenye lori, anakwenda Msanzi kukiri. Alifungua mdomo aombe msamaha, akaona hana msamaha wenye ukubwa huo, akaufunga.

Hellena alimwekea lile gunia mikononi. "Toa magunia yako, fundi," alisema. "Yote. Huyu niachie mimi."

Aliyafumua, akayatoa moja moja, yanachuruzika, yanamlowesha kifuani na mgongoni, akayarundika uani penye jua la kati ya mvua na mvua. Alipobeba la mwisho, alipita karibu na dirisha lililo wazi na kuwasikia mle ndani. Hellena alikuwa ameleta maji, anamnawisha mumewe uso.

"Kwa hiyo haikuwa mimi?" Modesti alikuwa akiuliza.

"Haikuwa wewe."

"Mwaka mzima ule, na baadaye?"

"Haikuwa wewe, mume wangu."

Yakasikika maji. Kisha Modesti akauliza tena, kwa sauti ile ile, kama hakuwahi kujibiwa: "Haikuwa mimi?" Na Hellena akamjibu tena. Felisian alisimama pale na gunia begani akimsikia akiuliza, na kuuliza, na kuuliza.